Siku Nilizoiacha Pete

Machi 4, Jumatano

Mvua imeanza leo, katikati ya kazi, na sikuisikia. Chumba cha ndani hakina dirisha. Nilijua tu pale Mkamuaji alipoingia akipangusa miwani na kusema, "Daktari, huko nje mbingu imefungua bomba ikasahau kulifunga."

Dakika ishirini na mbili leo, mikono ikiwa kwenye mionzi. Nitaandika dakika kila siku, maana ndizo zinazolipwa na vidole vyangu.

Mkamuaji ni fundi wetu wa maabara, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Jina hilo nimempa mimi. Tuna mtungi uliofunikwa kwa madini ya risasi, na kila asubuhi tunapitisha maji ya asidi ndani yake, yanatoka na mionzi. Kila mtu hapa husema "kukamua", na hakuna anayekamua kwa adabu kama yeye. Husimama mbele ya mtungi kimya kidogo kwanza, ndipo aanze.

Tunachokikamua hupungua nusu kila saa moja na dakika nane. Ukikikamua saa tatu asubuhi, kufika saa nane mchana umebaki na maji ya chumvi na masikitiko. Kwa hiyo maisha yangu yote yako asubuhi. Mchana naelea tu.

Machi 5, Alhamisi

Mvua. Tumekamua mara moja. Dakika ishirini na moja.

Machi 9, Jumatatu

Mama mdogo, ambaye naishi kwake chumba cha juu, ameniuliza tena leo huku akikunja nguo zilizogoma kukauka.

"Mwanangu, wewe si umeshakuwa daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Na bado unasoma."

"Sisomi. Nafanya utafiti. Ukishamaliza shahada ya mwisho, kuna miaka ya kufanya utafiti chini ya profesa kabla hujapata kazi yako mwenyewe."

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia huu ni wa sita kwangu, na ni mkataba wa tatu. Alikunja shati moja polepole mno.

Nilijaribu kumweleza kazi yenyewe. Tuna molekuli inayoitambua aina moja ya saratani na kuing'ang'ania popote ilipo mwilini. Tunaifungia chembe yenye mionzi, mgonjwa anachomwa sindano, anangoja saa nzima, kisha mashine ya picha inaonyesha mahali chembe zilipokusanyika. Uvimbe uliojificha kwenye picha za kawaida, hapo unawaka. Wagonjwa wa jaribio letu ni kumi na wawili. Wakipigwa picha wote kabla ya tarehe thelathini Aprili, mkataba wangu unaongezwa. Wasipotimia, Profesa amesema kwenye simu kwa ile sauti yake ya pamba, "Tutaona."

Mama mdogo akaishika mikono yangu, akaigeuza. Aliona alama ya pete ya kupimia mionzi kwenye kidole.

"Pete ya kwanza kuvaa maishani," akasema, "nayo ya kazini!"

Alicheka hadi akaangusha rundo zima la nguo.

Machi 13, Ijumaa

Mgonjwa wa tano. Dakika kumi na tisa. Picha yake nimeiangalia muda mrefu. Mwili wote kijivu, halafu nukta moja chini ya ubavu, imetulia kabisa. Nilirudi nyumbani nikiiona kila nilipofumba macho.

Machi 19, Alhamisi

Leo ni siku ya Bwana Mita. Huyu ndiye afisa wa usalama wa mionzi. Kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi, hupanda kutoka chini kwake, hukusanya pete zetu, anakwenda kuzisoma kwenye mashine yake, kisha anarudi na karatasi. Ana uso wa mtu aliyenyimwa chai tangu asubuhi. Hasalimii kabla hajapima kizingiti.

Karatasi yangu inasema vidole vyangu vimeshapokea milisivati mia moja na kumi za mionzi tangu Januari. Kwa jaribio hili kuna mstari mwekundu: mia moja na hamsini. Ukiuvuka, hutii mguu chumba cha ndani hadi mwaka uishe.

"Dada, unakwenda kasi," akasema.

"Ndiyo nimeanza kuizoea kazi. Nitapunguza."

"Mionzi haijui kuzoea."

Akaondoka na kimita chake kikilia tik, tik, kwenye korido. Nimepiga hesabu mara tatu. Wiki tisa zimekula mia moja na kumi. Zimebaki wiki sita, na wagonjwa sita. Mkamuaji haruhusiwi kutayarisha dawa peke yake, na hakuna mwingine aliyefunzwa. Nikisimamishwa, jaribio limesimama, na mimi nimesimama nalo, mlangoni, na sanduku langu.

Machi 20, Ijumaa

Mvua. Sikulala vizuri.

Machi 23, Jumatatu

Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulisema. Leo sikuivaa pete. Niliiacha mfukoni mwa koti langu la maabara la akiba, lile linaloning'inia kwenye msumari wa stoo, nikavaa glavu juu ya kidole kitupu. Mkamuaji hakuona kitu. Nilisikia kidole chepesi, kisha nikasahau kabisa. Hilo ndilo lililonishtua baadaye, jinsi nilivyosahau upesi.

Dakika kumi na sita. Mgonjwa wa saba.

Machi 26, Alhamisi

Mvua. Bila pete. Dakika kumi na tano, zoezi tu, hakuna mgonjwa.

Machi 30, Jumatatu

Bila pete. Dakika kumi na mbili. Mgonjwa wa nane. Mikono inafanya yenyewe siku hizi, mimi nasimama nyuma nikiitazama. Kioo kizito cha risasi kina rangi ya njano kidogo, na kila kitu nyuma yake kinaonekana kimefanyika zamani.

Aprili 2, Alhamisi

Bila pete. Dakika kumi na moja. Korido ya ghorofa ya chini imeingia maji. Wafagizi wanayasukuma kutoka mlango mmoja, yanaingia kwa mwingine.

Aprili 8, Jumatano

Nimekutana na mgonjwa wa tisa, kwenye chumba cha maelezo. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka arobaini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitaka nikae kana kwamba ofisi ni yake.

Alifanyiwa upasuaji miaka miwili iliyopita. Sasa damu yake inasema saratani imerudi, lakini picha zote haziioni. Daktari wa upasuaji amempangia tarehe ishirini na saba mwezi huu. Anakisia iko upande wa kulia, karibu na ilipokuwa zamani, kwa hiyo atafungua hapo na kutafuta. Picha yetu ni tarehe ishirini na tatu. Ndiyo itakayomwonyesha daktari pa kukata.

"Hiyo dawa yako inapungua nusu kila saa moja na ushei," Mwalimu akaniambia. "Kwa hesabu, basi, haiishi kamwe. Nusu ya nusu ya nusu."

"Kwa hesabu haiishi, Mwalimu. Kwa mgonjwa inaisha."

Alilipenda jibu hilo. Akasema wanafunzi wake wangekuwa wajuvi hivyo angestaafu mapema. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na usipoiona wewe?"

Nikamwambia nitaiona. Sikupaswa kusema hivyo, na nilijua nikiwa nasema.

Aprili 9, Alhamisi

Bila pete. Dakika kumi.

Aprili 13, Jumatatu

Mvua siku nzima. Bila pete. Dakika tisa! Mkamuaji kapiga makofi nyuma ya kioo. Anasema katika miaka yake yote hajaona mtu amefunga dawa kwa dakika tisa. Nilifurahi kama mtoto.

Aprili 16, Alhamisi

Bwana Mita alichukua pete saa tatu. Mimi nilikuwa nimeshaitoa mfukoni na kuivaa asubuhi hiyo, nikamkabidhi kwa tabasamu. Nilitegemea isome kidogo sana, tuseme tatu au nne, nikajiandaa hata kumtania kwamba nimemsikiliza.

Saa tano alirudi bila karatasi. Alisimama mlangoni.

"Wote tokeni. Msiguse kitu."

Tukatoka. Akatufungia chumba cha ndani kwa ufunguo wake, akabandika utepe wa njano mlangoni. Ndipo akanigeukia.

"Pete yako imesoma mia sita na arobaini."

Nilitaka kusema haiwezekani, ilikuwa mfukoni. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Akaniuliza kama vidole vinawasha, kama ngozi imebadilika rangi. Nikatikisa kichwa. Akaishika mikono yangu yote miwili chini ya taa na kuikagua kidole kwa kidole.

Halafu akamgeukia Mkamuaji. Ngao ya risasi ya mtungi ni dhamana yake. Kama mtu amepata mia sita na arobaini, basi ngao imefunguka mahali, au imerudishwa vibaya.

"Mimi nimeifunga ngao hiyo miaka kumi na minane," Mkamuaji akasema.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Jioni nilizunguka jengo kwa nje, kwenye matope, nikihesabu madirisha. Nimeelewa. Ukuta wa stoo ni wa matofali ya mchanga, mwembamba. Upande wa pili ni ghala la mitungi iliyochoka, ile isiyofaa tena kwa mgonjwa lakini haijafa. Karibu wiki nne pete yangu imening'inia hapo, kiganja kimoja kutoka kwenye mitungi mitatu, usiku na mchana. Nilipoikimbiza isione kazi yangu, niliitundika mahali penye mionzi mingi kuliko iliyoifikia mikono yangu yote miwili.

Aprili 17, Ijumaa

Chumba kimefungwa. Uchunguzi utachukua wiki tatu, labda nne. Mkamuaji amenyang'anywa funguo hadi utakapoisha. Sijasema kitu.

Aprili 18, Jumamosi

Nimelala mchana, mvua ikigonga bati. Nimeota niko koridoni na maji yamejaa hadi magotini, ya uvuguvugu. Wagonjwa wetu wote wamekaa kwenye benchi pande zote mbili, kila mmoja ana mwanga mdogo ndani yake, bega, ubavu, nyonga. Napita nikiwahesabu. Kila nikifika mwisho wamebaki nusu. Sita. Watatu. Nikaanza kuhesabu mmoja na nusu, na katika ndoto haikunishangaza hata kidogo. Mwalimu alikuwa amebaki peke yake. Hakuwa na mwanga. Akaniambia kwa upole, "Endelea tu, binti, haiishi."

Niliamka saa kumi jasho likinitoka. Nilibaki kitandani nikisikiliza maji yakishuka kwenye mfereji. Nilijiambia mambo mengi mazuri. Kwamba uchunguzi hautamkuta Mkamuaji na kosa. Kwamba daktari wa upasuaji ni mzoefu. Nilijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi giza likaingia.

Nikisema, chumba kitafunguliwa, maana ngao ni nzima. Mkamuaji atarudishiwa funguo zake. Mwalimu atapigwa picha. Na mimi nitakuwa mtafiti aliyeficha pete, na hakuna maabara duniani inayomtaka huyo. Nisiposema, mimi ni mtu aliyepatwa na ajali tu, wa kuonewa huruma. Hata mkataba huenda wakaniongezea kwa hiyo huruma.

Aprili 20, Jumatatu

Mkamuaji alikuja leo kuchukua kikombe chake. Nilimkuta kwenye ngazi.

"Huenda ni kweli nilisahau," akaniambia. "Umri huu, daktari. Najaribu kukumbuka kila asubuhi, naona nimefunga. Lakini kila mtu huona amefunga."

Alikuwa ameanza kuamini. Nilijua kuogopa, hili lilikuwa tofauti, lilinichoma. Nilimwitikia kwa kitu fulani, sikumbuki ni kitu gani. Alishuka akiushika ukuta.

Aprili 21, Jumanne

Nimepiga moyo konde. Saa mbili kamili nilikuwa chini, mlangoni kwa Bwana Mita, nimelowa hadi soksi. Ofisi yake haina dirisha, kama yetu. Meza, mashine ya kusomea pete, na makabati manne ya mafaili.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Pete, koti, msumari, ukuta. Nilipomaliza akavua miwani.

"Dada, umekuja kumwokoa mzee."

"Nimekuja kusema kweli."

"Miaka yangu yote hapa, watu wamekuja wawili kubeba kosa la mwenzao. Wewe ni wa tatu. Mtu mwenye akili zako hawezi kuacha pete stoo. Unanidanganya kwa sababu una moyo mzuri."

Nilitaka kucheka. Siku tano nimeukimbia ukweli, na sasa nimeuleta mwenyewe hauaminiki.

"Nenda kapime ukuta."

"Nitapima. Ukuta utaniambia ukuta una mionzi. Hautaniambia pete ilikuwepo. Huwezi kuwa umegundua baadaye tu kwamba mitungi iko nyuma ya ukuta huo? Huwezi kutunga hadithi usiku? Ningekuwa mimi, ningeitunga. Mimi nataka kitu kilichoandikwa siku yenyewe, siyo leo."

Basi nikajua ni kitu gani. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Nilikishika kwa muda mrefu kabla ya kukitoa.

Aprili 22, Jumatano

Tangu jana naandika kwenye karatasi za ziada, nitazibandika baadaye. Daftari limelala kwa Bwana Mita. Leo ameniita.

Alikuwa ameweka vipande vyembamba vya karatasi kwenye kurasa. Machi ishirini na tatu, ishirini na sita, thelathini, na kuendelea.

"Umeandika dakika," akasema.

"Ndiyo."

"Kila siku. Hata ulipokuwa unaniibia, uliandika dakika."

Nikavihesabu vile vipande vya karatasi.

"Na mimi sijawahi kunyimwa chai," akaongeza, bila kuinua macho. "Nainywa bila sukari. Labda ndiyo sababu."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini alikuwa ameanza kitu kama tabasamu, na kikaishia hapo. Akaniambia ameshafungua chumba. Mkamuaji ana funguo zake. Profesa amepewa taarifa, na amekubali fundi atayarishe dawa, mradi mimi nimsomee hatua kutoka nje, kwa simu ya ukutani. Mimi siruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Unadhani napima watu ili niwafukuze," akasema nilipofika mlangoni. "Napima ili siku mtu akiugua, miaka ishirini baadaye, akiuliza ni kwa nini, pawepo na mtu wa kumjibu. Wewe ulikuwa unanifutia jibu lako mwenyewe."

Nimemjua mtu huyu miaka mitatu kwa mlio wa kimita chake tu.

Aprili 23, Alhamisi

Mvua imepungua, manyunyu tu. Nilikaa upande wa nje wa kioo, simu sikioni, namba za hatua mbele yangu. Ndani, Mkamuaji alisimama mbele ya mtungi kimya kama kawaida yake. Kisha nikaanza kusoma.

"Hatua ya kwanza, baba."

"Nimemaliza."

"Ya pili. Taratibu, usivute kwa nguvu."

"Navuta kama ninavyomvua mjukuu shati."

Dakika ishirini na sita. Nilikuwa nasogeza vidole vyangu hewani bila kujua. Kipimo cha usafi kikasoma asilimia tisini na saba, na Mkamuaji akanionyesha karatasi kupitia kioo kwa mikono miwili. Nililia. Sikuona haja ya kujizuia.

Mwalimu alipochomwa sindano, ilimbidi angoje saa yake peke yake. Mimi nikakaa kiti cha mbali, mlangoni.

"Ni wewe umeitengeneza?" akaniuliza.

"Siyo mimi, Mwalimu. Leo ametengeneza fundi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje."

Alinitazama jinsi walimu wanavyomtazama anayejibu neno moja. Tukangoja wote wawili.

Saa sita picha ilitoka. Upande wa kulia, mahali daktari wa upasuaji alipokusudia kufungua, hakukuwa na kitu. Nukta ilikuwa kushoto, ndani, nyuma ya figo, moja tu, ndogo. Daktari mwenyewe alishuka kuiona. Alisimama mbele yake mikono mfukoni, kisha akasema, "Ningempasua bure."

Aprili 27, Jumatatu

Mwalimu ametoka chumba cha upasuaji salama. Wamekata kushoto.

Profesa alipiga simu mchana. Hakufoka. Amesema ataniandikia barua ya haki, yenye yote mawili, kazi na kosa. Mkataba hautaongezwa. Wagonjwa watatu waliobaki atawashughulikia mtafiti mwingine, anaanza mwezi ujao. Nikamshukuru. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi, amesikia yote. Hakuuliza miaka mingapi. Alinipakulia tu.

Aprili 30, Alhamisi

Siku ya mwisho. Jua kali, kila kitu kinafuka mvuke. Nilishuka kwa Bwana Mita kutia saini rekodi yangu.

Ilibidi siku zote nilizokaa bila pete zipewe namba. Amekaa na daftari langu wiki nzima, siku kwa siku, dakika kwa dakika, akapima na mikono ya plastiki mbele ya mtungi halisi. Aligeuza karatasi ili niione.

Wiki zote nne, jumla, ishirini na saba. Ukijumlisha na zile za mwanzo, mia moja thelathini na saba.

Niliitazama namba hiyo. Mstari ulikuwa mia moja na hamsini.

"Hata wagonjwa waliobaki wangeingia," akasema polepole. "Ulikuwa umeshapunguza. Dakika ishirini na mbili hadi tisa. Ulipiga hesabu kwa mikono ya Januari, na mikono yako ilikuwa imeshajifunza."

Ningeivaa tu. Ningeivaa kila siku, nisiogope, ningewatayarishia dawa wote kumi na wawili na kubaki nusu ya kiganja chini ya mstari. Nilikaa bila kuambiwa. Yeye akaniachia nafasi, akajifanya anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mbele yake.

"Rekodi hii utatembea nayo popote utakapofanya kazi," akasema baadaye. "Nimeandika kwamba kipimo cha wiki hizi kimepatikana kwa hesabu, siyo kwa pete. Sikuweza kuandika vingine. Wanaoijua kazi wataliona na watakuuliza."

"Na wakiuliza?"

"Hilo ni lako, dada."

Nikachukua kalamu, nikatia saini. Nikamwambia wakiniuliza, nitawaambia.